Makina, Nani Kasema Huna Kazi?

Wewe wa mtaa wa Makina, Kibera, unaamka saa ngapi?

Kiharusi kimempiga nyanya upande mmoja. Anayemwogesha ni wewe. Anayemlisha uji ni wewe. Anayembeba hadi choo cha nje mvua ikinyesha ni wewe. Kisha ukiulizwa unafanya kazi gani, unajibu, "Sina kazi."

Huna kazi? Wewe?

Kazi unayo. Mafunzo ndiyo huna.

Unajua kwamba asiyejiweza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo makalio na visigino hutoka vidonda? Kwamba mzee hulishwa akiwa ameketi wima, maana akilala chali uji unaweza kuingia mapafuni? Kwamba ukimvuta mkono uliopooza unaweza kumtegua bega?

Unampenda nyanya, najua. Mapenzi hayakufundishi hayo.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Nani atawatunza? Makao kama Nyumba ya Wazee kule Kasarani, au Mji wa Huruma kule Runda, hayaendeshwi kwa huruma tupu. Yanataka mikono inayojua inachofanya.

Mikono yako iko wapi?

"Nangoja viza ya Uingereza." Hadi lini? Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza iliacha kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka ng'ambo. Nyanya wa jirani yako bado yuko kitandani.

"Niliishia darasa la nane." Na je? Mwaka 2024 Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Miaka uliyomuuguza nyanya ni ujuzi. Kadai utambuliwe!

"Karo sina." Chama chenu cha akiba hununua sufuria kila mara. Zamu hii kilipe karo.

Na wewe kijana wa kiume, toka nyuma ya dada yako. Babu anaona haya kuogeshwa na mjukuu wa kike. Anakuhitaji wewe.

Basi Jumatatu, kabla jua halijawa kali, beba kitambulisho uende chuo kinachofundisha utunzaji wa wazee. Uliza: kozi ina mazoezi wodini, au ni maneno ya ubaoni tu? Cheti kinatambuliwa na nani? Wakikubabaisha, nenda chuo kingine siku hiyo hiyo. Wakikujibu sawasawa, jiandikishe kabla hujatoka mlangoni.