Shahada Ina Mashahidi Wangapi?

Neno shahada katika Kiswahili ni karatasi ya chuo, na ni kauli anayoingilia mtu katika Uislamu. Mzizi wake ni kushuhudia. Mwenye shahada, basi, ni mtu aliyeshuhudiwa. Nimelizunguka neno hili tangu nilipofaulu mtihani wa ITIL, mfumo wa kusimamia huduma za kompyuta, kwa sababu cheti hicho kilinipa cheo, na aliyenifundisha kazi yenyewe akakikosa cheo hicho.

Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuoni Lamu. Sandukuni mwake mlikuwa na ijaza, idhini ya kufundisha, aliyoandikiwa na shehe wake baada ya kukaa mbele yake miaka. Ilimtaja shehe huyo, na shehe wa shehe, silisila ya majina ikirudi nyuma hadi jicho likachoka kusoma. Aliyeiandika alikuwa amemsikia babu akikosea, akamrudi, akamsikiliza tena.

Mtihani wangu ulikuwa wa maswali 40 ya kuchagua jibu, kwa dakika 60, na anayefanya kwa lugha isiyo yake huweza kuongezewa 15. Ukipata 26 umepita. Hakuna aliyeniangalia nikizungumza na muuguzi wa zamu ambaye faili la mgonjwa limekataa kufunguka saa tisa ya usiku. Mfumo wenyewe ulizaliwa Uingereza miaka ya 1980, serikali ilipotaka huduma za kompyuta za ofisi zake zifuate utaratibu mmoja. Leo unamilikiwa na PeopleCert, na tangu 2023 vyeti vyake huhitaji kuhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Sikidharau cheti hicho. Mwajiri wa Nairobi au Dubai mwenye rundo la maombi mezani hana miaka ya kukaa na kila mwombaji, na cheti humwezesha kumwamini mgeni. Ni jambo jema watu wasiojuana waweze kuaminiana.

Lakini yuko Ami, ndiye aliyenifundisha kazi. Namwita hivyo kwa heshima, si ndugu wa baba yangu. Tulikuwa pamoja katika kitengo cha kompyuta cha hospitali moja hapa Mombasa. Kila Jumatatu asubuhi mtandao wa dirisha la usajili ulikatika, foleni ikafika uani, kina mama na watoto migongoni. Nilikwenda, nikazima swichi, nikaiwasha, nikafunga tiketi, yaani taarifa ya hitilafu. Wiki kumi na moja nilifunga tiketi ileile, na kila mara nilijiona nimefanya kazi.

Kitabu cha ITIL kilinifunza kutenganisha tukio na tatizo. Tukio ni mtandao kukatika. Tatizo ni kile kinachoukata. Mwenye kurudisha huduma amemsaidia mgonjwa wa leo tu. Nilipoisoma sehemu hiyo nilikumbuka toba. Ghazali aliigawa katika mambo matatu: kujua, kuumia moyo, kisha kutenda. Nami Ramadhani ngapi nimeomba msamaha wa ukali wangu kwa mama, halafu Shawwal nikarudi kulekule, kwa kuwa sikuwahi kukaa chini nikauliza ukali huo unatoka wapi? Nilikuwa nikifunga tiketi mbele ya Mola wangu. Hilo limenigusa kuliko nyongeza ya mshahara.

Nikampelekea Ami somo langu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ile swichi inakula umeme wa laini moja na mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji. Jumatatu huiwasha mapema." Alijua siku zote. Alikwisha kuwaambia wakubwa kwa mdomo, mara mbili.

Nafasi ya mkuu wa dawati la huduma ilipotangazwa, sharti mojawapo lilikuwa cheti. Tuliomba sote wawili. Mimi niliitwa, yeye hakuitwa.

Nimeitafuta haki katika jambo hili, na imenipeleka kwenye aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, ya 282 katika Sura ya Baqara. Inahusu deni. Inaamuru liandikwe, na inaamuru liwe na mashahidi zaidi ya mmoja. Hospitali ilisikiliza shahidi mmoja, karatasi yangu. Karatasi haikusema uongo: inathibitisha kwamba nayafahamu maneno na mpangilio wa kazi. Kosa ni kuifanya ishuhudie peke yake, wakati miaka ishirini ya kazi ya mtu imesimama nje ya mlango. Na upande wa pili, naukubali kwa uchungu, elimu ya Ami haikuwa imeandikwa popote. Angestaafu, ingeondoka naye.

Siku yangu ya kwanza katika cheo nilifungua rekodi ya tatizo. ITIL ina jina la hali kama ile: kosa linalojulikana, yaani lililokwisha kuchunguzwa bali halijaondolewa. Nikaeleza laini ya umeme, mashine, Jumatatu. Penye aliyegundua chanzo nikaandika majina ya Ami, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake.

Jioni akapita mezani. "Wameibadilisha ile laini?"

"Bado, Ami. Lakini imeandikwa."

Nikamgeuzia skrini. Alisoma amesimama, kisha akavuta kiti, akatoa miwani mfukoni, akasoma tena.