Nia Njema na Amana ya Viumbe

Katika mafunzo ya dini tuliyolelewa nayo, nia ndiyo roho ya amali, na mja aliyekusudia kheri hutarajia thawabu hata kama mkono wake haukulifikia alilolitaka. Sina shaka na mafunzo hayo. Lakini kila nitazamapo jinsi Mola alivyowafungamanisha viumbe wake, hata uhai wa mmoja ukawa riziki ya wa pili na kinga ya wa tatu asiyemjua, naona kwamba mwanadamu, kwa kupewa ukhalifa wa ardhi, anadaiwa zaidi ya moyo safi.

Tuangalie ya Serengeti. Sotoka, maradhi yaliyoingia mwishoni mwa karne ya 19 yakawafilisi Wamasai na wafugaji wengine, hayakuwaua ng'ombe peke yao bali nyumbu na nyati pia. Ng'ombe wa kandokando ya mbuga walipochanjwa, katika miaka ya 1950 na baadaye, hapana nyumbu aliyedungwa sindano. Lakini maradhi yalipokosa ng'ombe wa kuyahifadhi yaliwatoka nyumbu nao, na wanyama hao, waliokadiriwa kuwa kama 250,000 mwaka 1961, wakazidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, mioto ya kiangazi ikapungua. Na miche ya miti, iliyokuwa ikiteketea kila mwaka, ikapata kukua. Aliyeshika sindano hakuinuia miti hiyo.

Katika Ziwa Viktoria mambo yalikwenda kinyume. Tangu miaka ya 1950 alitiwa humo sangara, samaki mkubwa asiyekuwa wa ziwa hilo, ili watu wapate kitoweo na biashara. Na insafu yataka tukiri kwamba vyote viwili vilipatikana. Lakini furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, wengine wala mwani, wengine wala konokono, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani, waliliwa hata katika miaka ya 1980 aina nyingi zikatoweka. Wala hasara haikukomea majini: furu alianikwa juani akakauka, ilhali sangara, kwa wingi wa mafuta yake, hana budi kukaushwa kwa moshi au kukaangwa, na miti ya mwambao ikakatwa kuni.

Nia katika mambo hayo mawili ilikuwa moja, kumnufaisha binadamu, na malipo ya nia yako kwa Mola. Lakini ujinga husameheka pale ambapo elimu haikuwako, na mwaka 1960, sangara walipokuwa bado hawajaenea, mtaalamu Geoffrey Fryer alikwisha kuandika kutahadharisha. Mwenye kukabidhiwa kiumbe asiulize kinakula nini, na kinaliwa na nani, ameihini amana hata kama moyo wake ni mweupe. Basi enyi mlio na amri juu ya maziwa na misitu yetu, ulizeni kwanza. Na msipopata jawabu, zuieni mikono yenu.