Jiwe la Kumbukumbu Si Jiwe la Kisasi



Katika familia zetu zilizofiwa kwa vita kuna swali linalorudi kila mara. Tukiendelea kutaja mahali ndugu yetu alipouawa, je, hatuwashi tena moto uliokwisha kuzimika? Na tukinyamaza ili tukae kwa amani, je, hatumuui mara ya pili?

Tutazame mji mmoja wa mbali ulivyofanya. Majeshi ya Wajerumani yaliingia Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwezi wa Juni 1940. Tarehe 19 Agosti 1944 wenyeji waliinuka kuwapiga, na vita vya mitaani vikaendelea mpaka tarehe 25, siku jenerali wa Kijerumani von Choltitz alipojisalimisha. Wapiganaji wengi walianguka kwenye pembe za barabara na mbele ya milango ya watu. Wenyeji wakaweka maua palepale damu ilipomwagika. Baadaye vikatengenezwa vibao vya mawe na kugandishwa ukutani, vyenye maneno machache: hapa alianguka fulani, siku fulani, alikufa kwa ajili ya Ufaransa. Chini ya vibao vingi kuna pete ya chuma ya kushikia shada la maua, na kila Agosti maua huwekwa.

Sanamu kubwa ya uwanjani, ni wewe unayekwenda kuitafuta. Kibao cha ukutani kinakungoja njiani. Mtu anayekwenda kununua mkate hupita mbele ya jina la kijana aliyekufa hapo, apende asipende. Tena vibao vingine havifichi neno. Vinasema wazi: aliuawa na Wajerumani.

Hapo ndipo swali letu linakuwa gumu. Mtoto wa Mjerumani aliyezaliwa miaka mingi baada ya vita akisoma maneno hayo, je, anadaiwa damu? Hapana. Hadaiwi damu, lakini anadaiwa ukweli, kama vile Mfaransa naye anavyodaiwa. Kwani katika msitu wa Bois de Boulogne, mjini Paris, kuna mahali vijana 35 walipopigwa risasi tarehe 16 Agosti 1944. Waliahidiwa silaha na mtu waliyemwamini, kumbe mtu huyo alikuwa akitumikia adui. Ukweli ukisemwa wote, hakuna taifa linalobaki safi, wala hakuna linalobaki na lawama peke yake.

Tumkumbuke pia Missak Manouchian, Mwarmenia yatima, mgeni katika Ufaransa, aliyeongoza kundi la wapiganaji wa siri. Alipigwa risasi pamoja na wenzake tarehe 21 Februari 1944, katika ngome ya Mont-Valérien. Siku ile ile ya kufa alimwandikia mke wake kwamba hana chuki na watu wa Ujerumani. Leo kibao chenye jina lake kiko katika mtaa wa Plaisance, kwenye nyumba namba 11 alimokaa. Tukilisoma jina lake, tusiisahau barua yake.

Tarehe 8 Julai 1962 Jenerali de Gaulle wa Ufaransa na Adenauer wa Ujerumani walihudhuria misa pamoja katika kanisa kuu la Reims. Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili yakatia sahihi mapatano ya urafiki. Lakini vibao vya Paris vilibaki ukutani. Kupatana hakukudai watu wasahau, na kukumbuka hakukuzuia watu kupatana.

Wandugu, jambo hili tunalijua tangu habari ya Kaini na Abeli (Mwanzo 4). Mungu hakuinyamazisha damu ya Abeli. Aliisikia ikilia kutoka ardhini, mahali ilipomwagika. Lakini Mungu huyo huyo alimtia Kaini alama ili mtu yeyote asimwue. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayeshika la kwanza tu anakuwa mlipa kisasi. Anayeshika la pili tu anamzika Abeli bila jina.

Sisi Wakongo tunayo siku ya tarehe 4 Januari, ya kuwakumbuka walioanguka katika barabara za Léopoldville mwaka wa 1959. Lakini wengi wa wafu wetu wa vita vilivyofuata hawana hata kibao cha mbao. Basi tuwe sisi wenyewe ukuta wao. Tuwaambie watoto jina, mahali na siku. Tuseme pia aliyeua, kama tunajua kwa hakika. Lakini tusimpe mtoto kabila zima la kuchukia, kwani mwenye kosa ni aliyetenda, wala si mtoto wake, wala si jirani anayesema lugha yake.

Jiwe la kumbukumbu huwekwa ukutani. Likishikwa mkononi, linakuwa jiwe la kutupa. Kila mmoja wetu atazame mkono wake.

Amina.