Mfupa na Swali la Kinachodumu

Katika mapokeo ya dini, mfupa umechukuliwa kuwa ndicho kinachobaki baada ya sehemu nyingine za mwili kuoza, na kwa sababu hiyo swali la uhai baada ya kifo limeulizwa mara nyingi kupitia kwake: nabii Ezekieli anaoneshwa bonde lililojaa mifupa mikavu, na Sura Yaasin inamtaja mkanushaji anayeuliza ni nani atakayeihuisha mifupa iliyokwisha kumung'unyika. Wengi wanaolirudia swali hilo huamini kimyakimya kwamba kitu hudumu kwa sababu maada yake, yaani kile kilichofanyizwa nacho, haibadiliki. Imani hiyo inastahili kupimwa kwa mfupa wenyewe.

Kwa uzito, takriban asilimia 65 ya mfupa ni madini ya kalisi na fosfeti yaitwayo hidroksiapatiti; sehemu kubwa ya kinachosalia ni nyuzi za protini ya kolajeni, na iliyobaki ni maji. Madini huupa mfupa ukakamavu, yaani uwezo wa kubeba mzigo bila kupinda, ilhali kolajeni huupa ustahimilivu, yaani uwezo wa kupokea kishindo bila kupasuka. Mfupa ukilowekwa katika asidi hadi madini yayeyuke, umbo lake hubaki lakini hupindika kama mpira. Ukichomwa hadi kolajeni iteketee, umbo hubaki pia, ila mfupa huwa meketeke. Nguvu yake, basi, haimo katika kimoja kati ya viwili hivyo bali katika mpangilio unaoviunganisha: fuwele ndogo mno hukaa ndani na kandokando ya nyuzi, nyuzi hujipanga katika matabaka, na matabaka huizunguka mifereji ya mishipa ya damu, kiasi kwamba ufa unaoanza mahali fulani hukengeushwa kwenye mpaka wa tabaka na kupungukiwa na nguvu ya kuendelea.

Hata hivyo, mpangilio huo nao haudumu kwa kuachwa kama ulivyo. Seli ziitwazo osteoklasti hubomoa mfupa uliochakaa, nyingine ziitwazo osteoblasti hujenga mpya mahali pake, na kwa njia hiyo takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Ushahidi mzito zaidi hutoka katika ugonjwa wa kurithi uitwao osteopetrosi, ambao huzifanya osteoklasti zishindwe kubomoa: mfupa wa mgonjwa huzidi kuwa mzito na mnene, lakini huvunjika kwa urahisi, kwa kuwa nyufa ndogo za kila siku hazipati wa kuziondoa. Mfupa unaokataa kupoteza chochote ndio unaovunjika.

Wanafalsafa wa dini walilikaribia jambo hili kabla ya hadubini kuwapo. Al-Ghazali, katika kitabu chake *Tahafut al-Falasifa* cha mwishoni mwa karne ya 11, alitetea kwamba ufufuo wa mwili unawezekana hata nafsi ikirudishiwa mwili wa maada nyingine, kwa kuwa mtu ni yuleyule kwa nafsi yake, ilhali mwili wake hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba maada huingia na kutoka mwilini bila kumgeuza mtu kuwa mwingine, mradi kanuni inayoupanga mwili ibaki ileile.

Inaweza kupingwa kwamba kifo hukomesha kazi hiyo ya kubomoa na kujenga, na kwa hiyo kama mtu hudumu kwa mpangilio tu, basi hakuna kinachodumu baada ya kaburi. Pingamizi hilo ni la kweli, na elimu ya mfupa haiwezi kulijibu, kwa maana haithibitishi ufufuo wala haiukanushi. Inachofanya ni kuliweka swali mahali pake. Mwenye shaka hana haja ya kuuliza chembe zilizotawanyika zitakusanywaje, kwa kuwa hata aliye hai hakuzihifadhi. Na mwenye imani hana haja ya kuhofia kuoza, kwa kuwa tumaini lake halikujengwa juu ya chembe. Wote wawili wanabaki na swali moja lililo zito zaidi: iwapo mpangilio uliomfanya mtu awe yeye una mwenye kuushika pindi mwili unapoacha kuushika.