Mgeni Hupita, Takataka Hubaki

Hapo Segera, katika Wilaya ya Handeni, barabara itokayo Chalinze yagawanyika. Mkono mmoja waelekea Muheza na Tanga. Mkono wa pili wapita Korogwe na Mombo, ukaifuata milima mpaka Moshi na Arusha. Mabasi hupita njia panda hiyo usiku na mchana, na penye wasafiri hapakosi njaa, wala penye njaa hapakosi wauzaji. Machungwa, mahindi, mayai na karanga hupokewa dirishani kwa haraka, huliwa njiani, na kilichovifunika hutupwa. Jioni msafiri hufika kwake, naye amekwisha kusahau alichokula. Lakini kipande cha nailoni alichokitupa hakikusafiri naye. Kimebaki mtaroni, kando ya shamba la mtu asiyemjua.

Twataka leo kuuliza swali linaloonekana kuwa dogo: takataka ni mali ya nani? Je, ni ya yule aliyekula, au ni ya yule akaaye mahali zilipoangukia?

Serikali imekwisha kujibu sehemu ya swali hilo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Kenya ikafuata Agosti 2017. Hatuna budi kukiri kwamba amri hiyo ilizaa matunda, kwa kuwa vikapu na mifuko ya kitambaa vilirudi sokoni. Lakini vifungashio vya plastiki vya vyakula na vya dawa havikukatazwa pamoja na mifuko hiyo, na sababu yake yaeleweka. Basi nailoni laini ya kufunikia chakula ingali jikoni, na vifuko vyembamba vingali mikononi mwa watu. Sheria haiwezi kusimama kando ya kila chungu. Pale inapokoma, ndipo dhamiri ya mtu inapoanza kazi yake.

Katika miaka ya karibuni kimepata sifa kifunikio cha namna nyingine, nacho ni kitambaa cha nta. Kitambaa cha pamba hupakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, mara nyingi ikiwa imechanganywa na utomvu wa msonobari na mafuta kidogo. Kikipoa, chashikamana chenyewe. Joto la mikono hukilainisha, kikakumbatia mdomo wa bakuli au kipande cha mkate. Baada ya kazi huoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, kikaanikwa. Kikitunzwa vizuri chaweza kudumu mwaka mmoja hivi. Nta ikipungua, hupakwa tena. Na mwisho wake huoza kama jani. Kisisifiwe kupita kiasi, maana kina mipaka yake. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo hakifai kwa ugali utokao jikoni sasa hivi. Wala hakifai kwa nyama mbichi, kwa kuwa hakiwezi kuoshwa kwa maji ya moto.

Tazama basi ajabu yake kwetu sisi. Handeni ni nchi ya miombo, na mizinga ya nyuki huko si jambo geni. Nta ya nchi hii iliuzwa ng'ambo tangu wakati wa Wadachi. Wataalamu hukadiria kwamba nyuki hula asali kilo sita hadi nane ili kutoa kilo moja tu ya nta. Hata hivyo, vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki vimekuwa na desturi ya kukamua asali na kuyatupa masega. Twaitupa nta, kisha twainunua nailoni. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumeuacha.

Wengine watasema: “Maneno hayo ni ya matajiri. Mama anayeuza mayai Segera atampa kila msafiri kitambaa cha nta? Faida yake yote si itakwisha siku hiyo hiyo?” Wasemao hivyo wana haki, wala hatutaki kuwanyamazisha. Ni dhuluma kumtwika mzigo huo mwuzaji mnyonge, ambaye hakuibuni nailoni wala hakutajirika kwayo. Tena, hata kama kitambaa hicho kingekuwa cha bei rahisi, msafiri hawezi kukirudisha, maana hatapita tena pale kesho.

Na hapo ndipo tunapogusa kiini cha jambo. Nailoni ni kifunikio cha watu wasiotazamia kuonana tena. Kitambaa cha nta, kama kikapu na kama bakuli, ni chombo cha watu wanaorudiana. Jirani akikuletea chakula katika bakuli lake, bakuli humrudia, na kwa desturi yetu halirudi tupu. Chombo kile chaenda na kurudi, na kila kikirudi, ujirani wazidi kukazwa. Lakini kifuko cha nailoni hakimdai mtu kurudi. Chamwambia: “Kula, nenda zako, wala usinikumbuke.” Kumbe chenyewe chakaa miaka mingi mno, kikikatika vipande vidogo ardhini na majini, baada ya mlo ulioliwa kwa dakika tano.

Basi swali letu si la nta na plastiki tu. Ni hili: je, nina wajibu gani kwa mtu nisiyemjua, ambaye sitaonana naye tena?

Wako wanaodhani kwamba wajibu wakoma pale kujuana kunapokoma. Hawasemi hivyo kwa midomo, bali wasema kwa mikono yao dirishani. Nasi twakataa. Mtu yule yule atupaye kifuko nje ya basi hathubutu kukitupa sebuleni kwa shemeji yake. Kwa hiyo hakukosa maarifa. Anajua vema kwamba takataka ni uchafu, na kwamba uchafu humwudhi mwenye mahali. Kinachokosekana ni uso wa mwenye mahali mbele ya macho yake. Lakini haki ya mtu haipungui kwa sababu hatumwoni. Mbuzi wa Segera anayekufa kwa kumeza nailoni ana mwenyewe. Mtaro ulioziba maji yakatuama, mbu wakazaana, una watoto wanaolala karibu nao.

Twasema kila siku: “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali hiyo hutajwa sana na wenyeji wanapokaribisha, lakini yampa mgeni kazi pia. Kuja kwake kuwe kheri kwa nyumba aliyoingia. Msafiri aachaye fedha kidogo mkononi mwa mwuzaji na uchafu wa miaka mingi mlangoni pake, huyo ameigeuza methali juu chini. Amelipa bei ya mayai, lakini gharama nyingine amewaachia wenyeji.

Tufanyeje basi? Tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Afungaye safari achukue chakula chake katika kitambaa cha nta au chombo chenye kifuniko, akirudishe nyumbani na kukiosha. Anunuaye njiani aje na kikapu chake, ili mwuzaji asilazimike kumpa kifuko. Aliyepewa kifuko akishike mpaka afike penye pipa, maana ni chake. Wafugaji wa nyuki wasiitupe nta; na akina mama wenye vikundi vyao waweza kujaribu kutengeneza vitambaa hivyo kwa masalio ya nguo za pamba, wakapata riziki.

Lakini twaonya jambo moja. Kitambaa cha nta kisiwe pambo la kununuliwa kwa majivuno, huku mwenye nacho akiendelea kutupa mengine. Mwenye kawa ya ukili nyumbani, iliyofunika sahani za bibi yake, hana haja ya kununua kitu kipya ili awe mwema. Sahani iliyofunikwa kwa sahani yatosha. Wema haumo katika kitambaa. Umo katika moyo unaokubali kwamba kile nilichokitumia ni changu mpaka mwisho wake, si mpaka mwisho wa hamu yangu.

Ni rahisi kumtendea vema jirani, kwa kuwa kesho tutamhitaji. Utu wa mtu hupimwa zaidi kwa namna anavyomtendea yule ambaye hatamhitaji kamwe, wala hatamwona, wala hatasikia lawama yake. Hicho ndicho kipimo kinachomngojea kila mmoja wetu apitaye njia panda, akiwa na ganda la yai mkononi na dirisha wazi kando yake.