Mtoto Ataitwa kwa Jina la Nani?

Likizoni nyumbani Busia, dada mmoja aliniuliza: “Kaka, mume wangu hana mbegu. Tukipewa na mtu wa Tororo, tukajipandikizia nyumbani, zinaa iko wapi?”

Sikumhukumu, machozi yake yalikuwa ya kweli. Mwaka 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu upandikizaji baina ya mume na mke, likakataza mbegu za mtu wa tatu. Sababu ni nasaba. Suratul Ahzab, aya ya 5, inaamuru watoto waitwe kwa baba zao.

Mbegu zisizopimwa zaweza kubeba virusi vya Ukimwi. Na Tororo si mbali: kesho mtoto ataweza kumposa dada yake bila kujua.

Nilimjibu: siri ni yenu, deni atalipa mtoto. Tutibu kwanza, tusubiri kwa dua.