JIRANI NI YULE ANAYERUDI

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, mwaka 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilitoka katika Bahari ya Hindi kikaelekea pwani yetu. Tarehe 4 ya mwezi ule kiliifikia Mafia, kikaipiga kwa upepo na mvua. Safari za meli za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Upande wa Kilwa maji yaliikata barabara iendayo Lindi na Mtwara, wasafiri wakabaki njiani. Kisha upepo ukapungua nguvu, jua likatoka, na watu wa mijini wakarudi katika shughuli zao. Katika lugha yetu hidaya ni zawadi. Lakini mtu aliyeamka akaona bati za nyumba yake zimelala katika shamba la jirani hakuona zawadi yo yote. Kwetu sisi kimbunga kilikwisha siku ile. Kwake yeye kilikuwa kinaanza.

Wako wasemao kwamba vimbunga si vya nchi yetu. Ni kweli kwamba tunakaa karibu na ikweta, na kwamba vingi vya vimbunga vya bahari hii hupita kusini kwetu, vikaiumiza Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo, tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Bagamoyo nayo iliumia, pamoja na misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, ambamo watumwa waliokombolewa walipata makao. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliingia Lindi kikaua watu 34. Mwezi wa Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na watu wa Mtwara waliambiwa wahamie mahali pa usalama. Mwezi wa Aprili, 2021, Jobo alikuja akafifia karibu na pwani yetu. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba mambo haya hayatuhusu. Yatakuja tena. Tunalopaswa kujiuliza ni hili: siku ya arobaini baada ya kimbunga, sisi tutakuwa wapi?

Twasema siku ya arobaini kwa makusudi. Mtu akifiwa, desturi yetu ni njema sana. Siku ya kwanza twakimbia, twalia pamoja naye, twachanga, twapika. Lakini hatuishii hapo. Siku ya arobaini twarudi, maana twajua kwamba uchungu wa mfiwa hauondoki pamoja na wageni. Je, kwa aliyebomokewa na nyumba twafanya hivyo? Kwake twapeleka unga, maharagwe, nguo kuukuu na blanketi. Picha zapigwa, shukrani zasemwa, kila mtu arudi kwake. Unga huisha katika wiki mbili. Nyumba hubaki haina paa, na watoto hulala chini ya turubai hadi mvua nyingine.

Tuitazame tena habari ya Msamaria, ambayo Mtakatifu Luka ametuandikia. Wengi wetu twaikumbuka divai na mafuta aliyotia katika majeraha ya yule mtu, na punda aliyempandisha. Lakini twalisahau neno alilomwambia mwenye nyumba ya wageni. Alimpa dinari mbili, akamwahidi kwamba gharama ikizidi ataimaliza atakaporudi. Alikuwa na safari yake na kazi zake, wala hakuziacha. Lakini aliondoka akiwa ameweka nia ya kurudi. Ndiyo maana Bwana wetu alimtoa awe mfano wa jirani. Mwenye huruma ya siku moja amefanya vema. Anayerudi ndiye jirani.

Tuuchukue mtaa wa Sinza, katika jiji la Dar es Salaam, uwe mfano wetu. Si kwa sababu umeharibika kuliko mingine, bali kwa sababu watu wake ni kama wengi wa wasomaji wetu: waalimu, makarani, wafanya biashara, mafundi, wapangaji wa vyumba. Mtaa huu haukujengwa na tajiri mmoja. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja huko, nao wananchi wakajijengea nyumba wenyewe: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, mwaka wa tatu bati. Mzee aliyekaa Sinza tangu mwanzo ajua kwamba bati moja ni jasho la siku nyingi. Nani basi awezaye kumhurumia aliyeezuliwa paa kuliko yeye?

Kando ya Sinza hupita Mto Ng'ombe, ukateremka kupitia Tandale hadi kuungana na Msimbazi. Takataka iliyotupwa mferejini upande wa juu huzuia maji upande wa chini, na maji yaliyozuiwa huingia chumbani kwa mtu. Katika mvua kubwa za mwezi wa Desemba, 2011, watu wapatao 40 walikufa jijini, na jamaa nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Haya yatuonyesha kwamba kumtengenezea jirani nyumba huanza kabla ya kimbunga, kwa kuzibua mfereji wa mbele ya mlango wetu. Asiyetupa taka mtoni amekwisha kulinda ukuta wa mtu asiyemjua.

Wengine watauliza: Je, hiyo si kazi ya Serikali? Ndiyo, ni kazi ya Serikali, na sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za kuishughulikia. Wanaojitolea hawana budi kujitambulisha kwa uongozi wa mtaa au wa kijiji, wasije wakafanya kazi ovyo. Lakini Serikali haikaimu upendo wetu. Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, alikuwa na barua ya mfalme na mbao za mfalme. Hata hivyo ukuta ulijengwa kwa mikono ya watu, wengi wao kila mmoja mbele ya nyumba yake. Maandiko yanawataja makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, na mzee mmoja aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Yanawataja pia wakuu wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo zao waifanye kazi hiyo. Kazi ilimalizika kwa siku 52. Kila jamaa ya Kikristu na ijiulize majina yake yangeandikwa upande gani: pamoja na binti wale, au pamoja na wakuu wa Tekoa?

Kwa kuwa nia njema isiyo na utaratibu huweza kuleta hasara, twaongeza mashauri machache.

Kwanza, mwenye nyumba aulizwe. Nyumba ni yake, hata kama zimebaki kuta mbili tu. Tusiingie na kupanga mahali pa mlango wake kana kwamba umaskini umemnyang'anya akili. Yeye na watoto wake wafanye kazi pamoja nasi, maana kazi humrudishia mtu heshima kuliko sadaka.

Pili, fundi alipwe. Kujitolea kwetu kusimnyime fundi chakula chake. Sisi tubebe maji, mchanga na mbao. Tuchange fedha za misumari na za ujira. Yeye aliyejifunza kazi ashike nyundo na kipimamaji.

Tatu, paa lisirudishwe kama lilivyokuwa, maana lililong'oka mara moja litang'oka tena. Upepo mkali hauliangushi paa kwa kulikandamiza. Hulinyanyua kutoka chini, ukianzia pembeni. Paa la baraza lililounganishwa na paa la nyumba mara nyingi hutangulia kutoka, na likitoka huvuta jingine. Kwa hiyo kenchi zifungwe kwa vyuma vilivyozamishwa katika mkanda wa zege juu ya ukuta. Papi zisiachane mno, na misumari ya bati iongezwe kwenye kingo za paa, mahali upepo unapoanzia kazi yake. Kama ukuta ni wa udongo, msingi wa mawe uinuliwe, ili maji ya mvua yasiile miguu ya nyumba.

Nne, tuanze na wasio na mtu: mjane, mzee, mlemavu, mama anayelea wajukuu peke yake. Wala tusiulize mtu anasali wapi. Huko Mafia, Kilwa na Lindi wengi wa wenyeji ni ndugu zetu Waislamu. Msamaria hakumwuliza yule majeruhi jambo hilo.

Na sasa twafika penye jambo gumu, ambalo hatuwezi kulipita kimya. Zipo nyumba zisizofaa kutengenezwa. Nyumba iliyo katika njia ya mto, tukiirudishia paa, tumewarudisha watoto katika hatari kwa mikono yetu wenyewe. Katika jambo hili yatupasa kusema kweli. Lakini angalieni, wapendwa, kweli hiyo husemwa mara nyingi na watu waliokaa penye usalama, nao wakiisha kuisema huenda zao. Bwana wetu alitufundisha juu ya mtu mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba, na mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga. Fundisho hilo ni juu ya kuyasikia maneno yake na kuyatenda. Halikutolewa ili tuwacheke maskini. Wengi wakaao bondeni hawakuupenda mchanga. Mwamba una bei, nao hawakuwa nayo.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mto. Lilikuwa tendo la busara. Lakini kiwanja kitupu hakimlazi mtu, na anayepata riziki yake kwa kuuza vitumbua mjini ahitaji nauli kila alfajiri. Wako waliorudi bondeni. Kabla ya kuwalaumu, tujiulize ni wangapi kati yetu waliowafuata huko wakiwa na tofali, mbao na mikono. Mtakatifu Yakobo atuonya juu ya mtu anayemwaga maneno ya kheri kwa ndugu aliye uchi na mwenye njaa, asimpe cho chote. Kumwambia mtu ahame, bila ya kumsaidia kuhama, ni maneno ya namna hiyo hiyo. Anayesema "hama" na abebe tofali.

Twawaomba basi akina baba na akina mama, popote mlipo, Bukoba au Songea, Moshi au Mtwara, mlizungumze jambo hili katika jumuiya zenu. Upepo wa bahari hauwafikii nyote, lakini mvua ya mawe, mafuriko na maporomoko yawafikia. Msingojee maafa makubwa yatangazwe redioni. Chagueni nyumba moja iliyo karibu nanyi, ambayo hamna shaka kwamba haitavuka masika yajayo. Nendeni kumwona mwenyewe. Wekeni Jumamosi moja ya kazi, na siku hiyo hiyo wekeni siku ya kurudi, kuona kama paa linavuja, kama msumari umelegea, kama watoto wamelala pakavu. Vijana wachukueni, wajifunze uzito wa ndoo ya zege; ni katekisimu ambayo hawataisahau.

Misioni ya Bagamoyo iliyopigwa mwaka 1872 haikuachwa magofu. Mapadre, mabruda na masista walianza upya pamoja na wale waliokombolewa kutoka utumwani, na majengo ya mawe yaliyosimamishwa katika miaka iliyofuata yapo hata leo. Waliobaki siku ya arobaini ndio waliojenga.

Mtakatifu Yosefu, ambaye kanisa kuu la Dar es Salaam lina jina lake, alikuwa seremala, akaijua mbao na jasho lake. Atuombee, ili nyumba ya jirani isimame, nasi tuonekane tumerudi.